Njombe ina chakula tele, mbona watoto wetu wamedumaa?



Ndugu msomaji, ukisimama njia panda ya Makambako wakati wa mavuno utaona malori yamejaa viazi mviringo, mahindi, maharage na njegere yakielekea Dar es Salaam. Siku hizi yameongezeka magari ya parachichi. Maziwa ya Njombe nayo yanasindikwa na kunywewa mbali na hapa. Kwa ufupi, huu si mkoa unaolia njaa. Lakini kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, asilimia 50 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wakiwa watoto wawili wanacheza uani kwako, hesabu kwamba mmoja wao ni mfupi kuliko anavyotakiwa kuwa kwa umri wake. Kwa taifa zima kiwango hicho ni asilimia 30.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba hatusogei. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 Njombe ilikuwa na asilimia 49 wakati taifa lilikuwa na asilimia 34. Taifa limeteremka, sisi tumebaki pale pale. Na Dar es Salaam, ambao wananunua viazi vyetu kwa bei mara mbili, mwaka ule walikuwa na asilimia 15 tu.

Nimesikia wazee wakisema, "Sisi watu wa huku ni wafupi kwa asili." Hoja hii haina nguvu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia ukuaji wa watoto katika nchi sita, zikiwemo Ghana, India, Norway na Oman, na mwaka 2006 likatoa vipimo vinavyotumika hadi leo. Ilionekana kuwa mtoto aliyenyonyeshwa vizuri, akalishwa vizuri na kukingwa na maradhi, katika miaka yake mitano ya mwanzo hukua karibu sawa, awe Mwarabu, Mhindi au Mwafrika. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka miwili anapokuwa na urefu wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, usimsingizie babu yake.

Na udumavu si ufupi peke yake. Urefu ni kile kinachoonekana kwa nje, lakini ndani ubongo nao haukujengeka sawasawa. Mtoto huyu huchelewa kuzungumza, hushindwa kushika anachofundishwa shuleni na madrasa, na kila homa ikipita mtaani haimkosi. Binti aliyedumaa hukua akiwa na nyonga nyembamba, na siku ya kujifungua huwa katika hatari ya uchungu pingamizi. Sehemu kubwa ya madhara haya hutokea tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, yaani siku 1000 hivi. Baada ya hapo unaweza kumnenepesha, lakini kurudisha kilichopotea ni vigumu sana.

NJAA ISIYOONEKANA

Watu wengi hawajui kwamba mkoa wetu uliwahi kuwa mfano kwa dunia katika jambo hili hili. Mwaka 1983, Njombe, Makete na Ludewa zikiwa bado ni wilaya za mkoa wa Iringa, serikali ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani ilianzisha mradi wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, kwa fedha zilizotolewa na Italia. Wataalamu wanaosoma lishe katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanafundishwa habari za mradi wa Iringa mpaka leo, ilhali sisi wenyewe tumeshausahau.

Mradi ulianza kwa kuzungumza na viongozi na wanakijiji. Ilitengenezwa filamu kuhusu njaa iliyofichika, ikaonyeshwa ili watu wajadiliane. Maana mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyevimba miguu, kila mtu anamwona. Lakini mtoto aliyepungukiwa kidogo kidogo haonekani, kwa sababu wenzake wote mtaani wako kama yeye.

Kisha kila baada ya miezi mitatu ikawekwa siku ya afya ya kijiji. Watoto wote chini ya miaka mitano walipimwa uzito palepale kijijini. Takwimu hazikufungiwa kwenye bahasha kupelekwa wilayani na kusahaulika huko. Zilisomwa kwanza kwenye kamati ya afya na serikali ya kijiji. Mtoto fulani uzito umeshuka, kwa nini? Mama yake anaamka saa kumi na moja kwenda shamba la mbali na kurudi jioni. Basi tufanye nini? Kijiji kimoja kikaanzisha mahali pa kulishia watoto wakati wa kilimo, kingine kikajadili umbali wa maji, kingine chanjo. Baada ya miezi mitatu wanapima tena na kuona kama walilolifanya limesaidia. Tathmini, uchambuzi, hatua, kisha tathmini tena. Wahudumu wa afya walichaguliwa na wanakijiji wenyewe kutoka miongoni mwao.

Matokeo yake ni haya. Katika vijiji hivyo watoto wenye uzito pungufu walikuwa takriban asilimia 56 mwaka 1984, na kufikia mwaka 1988 wakawa asilimia 38. Waliopungukiwa vibaya sana walishuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya asilimia 2. Vifo vya watoto navyo vilipungua. Na hakukuwa na muujiza wala dawa mpya. Kulikuwa na mizani na kikao cha kijiji kinachouliza "kwa nini".

Zingatia kwamba wakati ule kilichopimwa ni uzito, na takwimu za leo nilizotaja juu ni za urefu, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaoridhisha kidogo na huku amedumaa. Ndivyo walivyo wengi hapa kwetu: mashavu yamejaa, ana tumbo la viazi, lakini mifupa haijarefuka. Mama akimwangalia anaona mtoto mwenye siha.

Kutokana na uzoefu wa Iringa, UNICEF mwaka 1990 ilitoa mchoro wa sababu za utapiamlo ambao unatumika dunia nzima. Mchoro huo unasema chakula kuwepo nyumbani ni sharti moja tu kati ya matatu. La pili ni matunzo ya mama na mtoto. La tatu ni huduma za afya pamoja na usafi wa mazingira. Likikosekana moja, mengine mawili hayatoshi. Sasa tazama Njombe: ghala limejaa, lakini mama yuko kwenye tuta la viazi tangu alfajiri, na mtoto wa miezi minane ameachwa na dada yake wa miaka saba akiwa na kiazi kilichopoa mkononi. Maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, maziwa yamepelekwa kwenye mzani wa wanunuzi. Fedha zilizopatikana zimenunua mabati. Sisemi mabati ni mabaya, ila mtoto hali mabati.

UJI, MAZIWA YA MAMA NA KIMEA

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na katika aya hiyo hiyo akambebesha baba jukumu la chakula na mavazi ya mama huyo. Akina baba wengi wanaikumbuka nusu ya kwanza. Miezi sita ya mwanzo mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji mwepesi na bila dawa za kienyeji za "kulainisha tumbo". Yale maziwa ya mwanzo ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa, kwani hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza.

Kuhusu Ramadhani, mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa ya kula iwapo wanahofia nafsi zao au mtoto. Namna ya kulipa muulize sheikh wako, hilo liko nje ya fani yangu ya utabibu. Lakini kwa upande wa utabibu, mama mwembamba, mwenye upungufu wa damu, anayelima mchana kutwa na kunyonyesha, anayo kila sababu ya kuitumia ruhusa hiyo.

Baada ya miezi sita ndipo wengi tunapoteleza. Tumbo la mtoto wa umri huu hubeba kiasi cha kikombe kimoja kidogo tu. Ukilijaza uji mwepesi wa sembe umejaza maji. Ukipika uji mzito anashindwa kumeza. Wataalamu wetu wa lishe walilitafutia jawabu tatizo hili miaka hiyo ya themanini, na jawabu lenyewe ni kimea. Bibi zetu wanakijua, ingawa wengi wamekijulia kwenye pombe. Chukua ulezi safi, uloweke usiku kucha, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue. Uanike ukauke kabisa, upukute vile vichipukizi, kisha usage na uhifadhi mahali pakavu. Ukipika uji mzito wa kusimamisha kijiko, uepue, usubiri upoe kidogo kiasi cha kuweza kuuonja, ndipo uchanganye kijiko kidogo cha unga wa kimea na kukoroga. Utaona uji unalegea mbele ya macho yako, na nguvu yake imebaki ile ile. Urudishe jikoni uchemke kidogo, kisha mpe mtoto. Ukiuweka kimea wakati uji unatokota hautalegea, kwa sababu moto mkali unaua kile kinacholainisha wanga.

Hata hivyo uji wa nafaka tupu, ulegee usilegee, haujengi mwili. Ponda njegere au maharage, tia karanga zilizosagwa, maziwa au yai. Usipa na dagaa wa Ziwa Nyasa wanaovuliwa kule Ludewa ni nyama ya bei nafuu: waoshe, wakaushe vizuri, wasage na unyunyize kwenye chakula cha mtoto. Parachichi lililopondwa ni mafuta mazuri kabisa, na ajabu ni kwamba nyumba nyingi zinazolima parachichi hazimlishi mtoto parachichi. Kuanzia miezi sita hadi minane mlishe mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne pamoja na kitu cha kati, na nyonyo inaendelea. Chai ya rangi usimpe na chakula, kwani inazuia madini ya chuma. Najua tunaishi katikati ya mashamba ya chai na baridi ya mwezi wa saba inaumiza, lakini mtoto wa mwaka mmoja hahitaji chai.

Jambo moja nalitaja kwa adabu. Msimu wa ulanzi, watoto wadogo hupewa ulanzi mbichi mashambani kwa kudhani ni juisi ya mianzi. Nyumba ya Kiislamu hainywi, lakini je, anayekaa na mtoto wako mchana unamjua anampa nini? Ulanzi huchacha kwa saa chache tu.

UDHU NA SABUNI

Mtoto anaweza kula vizuri na bado adumae ikiwa kila siku anameza uchafu. Wadudu wa kinyesi, hata wasipomletea kuharisha, huchubua utumbo kidogo kidogo mpaka ukawa haunyonyi chakula sawasawa. Anatambaa uani, kuku wanatembea pale pale, anaokota na kutia mdomoni. Tandika mkeka, na kuku wawe na banda lao. Kinyesi cha mtoto mchanga wengine hukiona hakina madhara. Kina madhara kama cha mtu mzima, nacho kitupwe chooni.

Sisi Waislamu tuna jambo la kujiangalia hapa. Kwa kuwa tunastanji kwa maji na kutawadha mara tano, tunajiona tumemaliza habari ya usafi. Kutawadha ni twahara ya ibada na fadhila yake haina mjadala. Lakini mkono uliostanji unahitaji sabuni, au majivu kama sabuni hakuna. Maji matupu hayaondoi mafuta yaliyoshikilia vijidudu. Tazama vyoo vya misikiti yetu: makopo ya maji yapo, mabomba ya udhu yapo, sabuni haipo. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kufungwa kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu, hakigharimu zaidi ya kamba na kipande cha sabuni. Kimoja kikae mlango wa choo na kingine jikoni.

NYUMBA YENYE VIRUSI

Siwezi kuandika juu ya afya ya Njombe bila kuugusa UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima mkoani wana virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Ule wa 2022/23 umekuta asilimia 12.7, wakati taifa ni asilimia 4.4. Makambako ni mji wa barabara kuu na reli ya TAZARA, wageni wanalala na kuondoka, lakini tusiwasingizie madereva peke yao. Hili linahusiana na udumavu moja kwa moja, kwa sababu mama mgonjwa huzaa mtoto mdogo, na yatima analelewa na bibi asiye na nguvu za kusonga ugali mara nne kwa siku.

Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake bila kuacha anaweza kunyonyesha, na anatakiwa kunyonyesha: miezi sita maziwa yake peke yake, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine kwa ushauri wa kliniki. Kumwachisha mtoto ghafla kwa hofu na kumpa uji mwepesi ni kumwondoa kwenye hatari ndogo na kumtumbukiza kwenye kubwa. Na wewe baba, tohara yako imekupunguzia hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, hilo limethibitishwa na tafiti za Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Haikuiondoa hatari hiyo, na mkeo haimkingi akilala na mume mwenye virusi. Pimeni wote wawili.

MSIKITI UINGIE WAPI

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafikia zaidi ya wahudumu 137,000 nchini katika miaka mitano. Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, ambayo ukiitazama vizuri ni mtoto wa ule mradi wa 1983. Madaktari wa CUAMM kutoka Italia wamefanya kazi ya lishe Njombe na Iringa pamoja na UNICEF. Hospitali za makanisa, kama Ilembula na Ikonda, zimehudumia watu wa imani zote kwa miongo mingi.

Sisi Waislamu tuko wachache katika mkoa huu, na kwa uchache wetu tumezoea kukaa pembeni. Siku ya kupima watoto ikifanyika kwenye viwanja vya kanisa, baadhi ya familia zetu haziendi. Mizani haina dini, ndugu yangu. Lakini pia hakuna anayetuzuia kuuleta upimaji kwetu. Kamati ya msikiti ikimwendea mganga mfawidhi wa zahanati na mtendaji wa mtaa na kusema "uwanja wa madrasa upo, karibuni", sidhani watakataa, kwani wao shida yao kubwa ni watu kutokufika. Imamu akitangaza baada ya swala ya Ijumaa tarehe ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambayo hutolewa Juni na Desemba, ujumbe utafika nyumba nyingi kuliko kipaza sauti cha gari. Darsa la akina mama la wiki moja linaweza kugeuzwa kuwa la kupika uji wa kimea. Na sadaka ya ng'ombe wa maziwa au kuku wa mayai kwa bibi mwenye mjukuu yatima inakaa muda mrefu kuliko kilo tano za sembe.

Ila msiishie kwenye kupima. Ule mradi wa Iringa ulifanikiwa kwa sababu baada ya mizani kulikuwa na kikao. Wazee wa msikiti wakae na mhudumu wa afya, waambiwe ni watoto wangapi wa mtaa wao wameshuka, bila kutaja majina hadharani, na waulizane kwa nini. Wakigundua kuwa tatizo ni akina mama kutokuwepo nyumbani mchana, basi hilo litajadiliwa na waume, maana wao ndio wenye mashamba.

Kwa mwenye mtoto chini ya miaka miwili: mwezi huu ukienda kliniki usiridhike na mizani peke yake. Omba alazwe kwenye ubao apimwe na urefu, ujazwe kwenye kadi, na uonyeshwe mstari wake uko wapi. Ukiwa chini ya mstari wa hadi mbili hasi, usiondoke kabla hujazungumza na mhudumu juu ya chakula chake cha jana, kuanzia asubuhi hadi usiku. Na baba aende pia, angalau mara hiyo moja.